Mwashi Aliyezuiwa Kazi: Saratani ya Mailoma na Seli Zinazojenga Mfupa



Tukifundisha mailoma, saratani ya damu inayoota ndani ya uboho, huwa tunasema ugonjwa huu unakula mifupa. Ni kweli, ila habari haiishii hapo. Mfupa ulioliwa haujengwi tena, na ukimya huo wa ujenzi ndio unaotupotosha tunaposoma vipimo.

Mfupa wa mtu mzima ni jengo lisiloisha ukarabati. Kila mwaka karibu asilimia 10 ya mifupa yetu huwa mipya. Seli ziitwazo osteoklasti hutafuna palipochakaa, osteoblasti zikaja nyuma kuziba shimo. Osteoblasti hutokana na seli mama zilizomo ubohoni, na humohumo ndimo mailoma inamojazana: seli za plazma, zilizoumbwa kutengeneza kingamwili, zimeasi na kuzaliana ovyo.

Waasi hao hukoleza ishara iitwayo RANKL, nazo osteoklasti huchachamaa. Wakati huohuo humwaga protini ya DKK1. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walionyesha kwamba DKK1 huzuia seli changa zisikomae kuwa osteoblasti, na kwamba ilihusiana na vidonda vya mifupani vya wagonjwa. Mwashi amezuiwa kabla hajashika mwiko. Tena mfupa unapotafunwa huachia kemikali za ukuaji, nazo huilisha saratani ileile.

Sasa twende maabara. Fosfatasi ya alkali hupanda osteoblasti zinapochapa kazi. Ndiyo maana saratani ya tezi dume ikifika mifupani mara nyingi huipandisha. Kwenye mailoma mara nyingi hubaki kawaida. Picha ya nyuklia ya mifupa nayo hufuata mahali mfupa mpya unapowekwa, hivyo shimo lisilojengwa linaweza kuipita. Eksirei hulionyesha shimo baada ya asilimia 30 hadi 50 ya madini ya sehemu hiyo kupotea. Majibu "mazuri" ya namna hii yasitufanye tumrudishe nyumbani mzee anayeumwa mgongo miezi mitatu, damu imepungua na kreatinini inapanda. Tupime protini za damu na mkojo kwa elektroforesisi, tupime kalsiamu, na penye uwezo apigwe CT ya mwili mzima.

Hapa naomba tuwe wakali: mgonjwa wa aina hii asipewe diklofenaki. Figo zake tayari zinaelemewa na protini za saratani, na sindano ile ya kutuliza mgongo inaweza kuzimalizia.

Kuhusu tiba nitasema machache. Asidi ya zoledroniki na denosumabu huzuia utafunaji, ila hazimrudishi mwashi kazini. Meno yakaguliwe kabla ya kuanza, maana taya laweza kuoza. Bortezomibu, pamoja na kuua seli za saratani, imeonekana kuziamsha osteoblasti kwa kiasi fulani.

Hata hivyo, mashimo mengi hubaki hata saratani ikishatulizwa. Mgonjwa anaweza kuwa na damu safi huku pingili ya mgongo wake ingali tupu ndani. Basi siku ya kumpa majibu mazuri, tumwambie yeye na wanaomtunza kwamba gunia asibebe bado, na ganzi au udhaifu wa miguu ukianza, aletwe hospitali siku hiyohiyo.