Amani Tuliyoipata Chini ya Mgumo

(Maneno ya kikundi kimoja mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya parokia)

 

Tumeombwa tuseme juu ya amani. Amani ya mataifa ina wenyewe, hatutaigusa. Tutasema ile ya watu ishirini na wanne wanaochota maji kwenye chemchemi moja na hawasalimiani. Ndivyo tulivyokuwa sisi.

Mkopo wa mbuzi haukurudishwa. Daftari la hesabu likaonekana lina kurasa zilizochanwa, na kila mtu akawa na lake la kusema. Kisha akaja mfanyabiashara wa kuni na makaa, akataka kununua miti yote iliyo juu ya chemchemi, hata ile migumo ya zamani. Nusu yetu wakasema tuuze, deni liishe. Wengine wakasema ng'o. Ikafika mahali hata kanisani tunakaa pande mbili, na padre anaona.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, mzee aliyestaafu, hakutuhubiria. Alhamisi moja alisema kila mtu abebe kigoda twende chemchemini. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kutaja pesa mpaka jua liguse kilima.

Mwanzo ilikuwa taabu, tuseme ukweli. Mtu aliyezoea kelele akinyamaza husikia zile za moyoni mwake. Lakini baada ya muda tukaanza kusikia maji, halafu ndege, halafu majani yenyewe. Mama mmoja akapitiwa na usingizi hapo hapo kwenye nyasi. Tukamwacha. Kumbe tangu azike mumewe alikuwa hapati usingizi wa usiku. Hata Yesu, tukisoma Marko 6, aliwatoa wanafunzi wake kwenye msongamano wa watu wakapumzike, na sisi miaka hiyo yote tulidhani kupumzika ni uvivu.

Ndipo mwalimu akatoa kitabu. Ni kile cha Profesa Wangari Maathai, kinaitwa Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa akisoma kidogo, anatueleza kwa Kiswahili, anaendelea. Wengi wetu tulimjua Wangari kwa vita vya msitu wa Karura na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Hatukujua habari za utoto wake kule Ihithe, Nyeri.

Karibu na kwao palikuwa na mgumo mkubwa. Mamake alimkataza kuokota kuni chini yake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Hapo karibu palikuwa na kijito, naye mtoto alikuwa akijaribu kuvaa mayai ya vyura shingoni kama shanga, yanamponyoka. Alipokuja kurudi akiwa mtu mzima, mgumo ulikuwa umekatwa ili ipandwe chai, na kijito kimekauka. Baadaye akaelewa sababu. Mizizi ya mgumo hupasua mwamba ikashuka hadi kwenye maji ya chini, na maji hupanda kwa kuifuata mizizi hiyo mpaka yapate mahali dhaifu pa kutokea.

Mwalimu akafunga kitabu. Hakuongeza neno. Tukajikuta wote tunatazama juu, wa upande huu na wa upande ule.

Miti hatukuuza. Msidhani kila kitu kilinyooka: wanachama wawili walijitoa, na deni la mbuzi tunalipa polepole mpaka leo. Lakini tunalipa tukiwa tunaongea.

Alhamisi zimeendelea. Sasa tuna vitabu thelathini na kimoja, vingine vimetoka kwa watoto wetu walio mjini, vingine padre alitupa. Vinakaa ndani ya sanduku la bati juu ya mawe, maana mchwa hawajui Biblia wala riwaya. Anayeazima anaandika jina, au anaweka kidole. Asiyejua kusoma anasomewa na mjukuu wake, na tumeona wajukuu wakipenda kazi hiyo kuliko tulivyotarajia.

Msiseme hamna jengo. Kule Garissa, tangu mwaka 1996, shirika la maktaba la taifa limepeleka vitabu kwa ngamia hadi kwa wafugaji, watoto wakasoma chini ya hema na miti. Ninyi mna kivuli na maji.

Kikundi kinachotaka kuja kuona, kije Alhamisi saa tisa. Mje na vigoda vyenu, vyetu havitoshi. Yule mama aliyelala ndiye anayetunza ufunguo wa sanduku, na siku hizi anatusomea Zaburi kabla hatujaanza.