Meza ya Fundi Chipukizi: Vifaa vya Kununua Kwanza

Maandishi ya mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa elektroniki mbele ya vijana na wazazi katika ukumbi wa wadi.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya vifaa vya kununua kwa mtu anayetaka kuwa na meza yake ya elektroniki nyumbani. Simzungumzii fundi aliyekwisha kufungua banda lake la jua kali. Namzungumzia yule kijana, au hata mzee aliyestaafu, anayependa kufungua redio mbovu au taa ya sola iliyokataa kuchaji, aone kuna nini ndani.

Swali ninaloulizwa na wazazi kila mara ni hili: "Mwalimu, nimeona boksi lenye vifaa hamsini pamoja, nimnunulie?" Jibu langu ni la. Ukilifungua boksi la namna hiyo utakuta vipande thelathini ni vichwa vya bisibisi vya chuma laini vinavyolika kwenye skrubu ya tatu, na kipimo kilichomo ni kile cha bei ya chini kuliko vyote. Pesa hizo hizo zigawe mafungu matatu: kipimo cha umeme, chuma cha kulehemu na bisibisi chache za chuma kigumu. Vingine vitakuja kazi itakapoviita.

Nianze na kipimo, yaani multimita, na nitakaa hapo muda mrefu kwa sababu hapo ndipo mtu anapoweza kuumia.

Wengi wenu mnakijua kile cha manjano au cheusi, kidogo, chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati na maandishi DT830. Kinatumia betri ya volti 9 na hupatikana kwa shilingi mia chache. Kwa kazi ya betri, taa za sola, redio ndogo na chaja za volti 5, kinatosha kabisa, na sitamcheka mtu aliyeanza nacho. Lakini kisome usoni kabla ya kulipa. Kina matundu matatu ya kuchomeka waya. Tundu moja limeandikwa 10A, na kwenye vingi vya aina hii limeandikwa pia kwa Kiingereza kwamba halina fyuzi. Maana yake ni nini? Unapopima ampea, kipimo chenyewe hugeuka kuwa kama kipande cha waya, umeme wote unapita ndani yake. Sasa mtu amepima ampea za betri jana, akasahau waya mwekundu kwenye tundu hilo. Leo anataka kujua kama soketi ya ukutani ina stima, anaingiza zile ncha mbili. Ameunganisha waya wenye moto na wa kurudisha kwa kipande cha waya, na hakuna fyuzi ndani ya kipimo ya kukata. Kinachofuata ni mlipuko mkononi mwake.

Kwa hivyo nasema wazi: kipimo hicho kisiguse stima ya nyumbani, hata kama kwenye uso wake kimeandikwa volti 750.

Anayetaka kupima vitu vinavyochomekwa ukutani anunue kipimo chenye daraja la usalama. Angalia karibu na matundu ya waya, utaona herufi CAT zikifuatwa na namba za Kirumi, kisha volti. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, kama redio na runinga. CAT III ni kwa nyaya za jengo lenyewe na boksi la fyuzi. CAT IV ni kule stima inakoingilia kutoka nje, kwenye mita na nguzo. Namba inapanda kwa sababu ukikaribia nguzo, radi ikipiga au kitu kikikatika kwenye laini, nguvu inayokimbilia kipimo chako ni kubwa mara nyingi kuliko volti 240 ulizozizoea. Kwa meza ya nyumbani, CAT III ya volti 600 inafaa sana.

Lakini maandishi hayagharimu kitu kuyachapisha. Muombe mwenye duka, kama ni muungwana, akufungulie kifuniko cha betri na fyuzi. Fyuzi ya kioo nyembamba, ile unayoona uzi wake ndani, haiwezi kuzima cheche kubwa. Fyuzi unayoitaka ni ya kauri iliyojazwa mchanga. Tazama pia nyaya za kupimia: ziwe nene, laini, na kichwa chake cha plastiki kifunike chuma chote. Fluke ya Marekani na Brymen ya Taiwan zina sifa ya kutengeneza kwa uangalifu, na UNI-T ya Uchina ina vipimo vingi vya bei ya kati. Jina kubwa huigwa, kwa hivyo bei ikiwa ndogo kupita kiasi jiulize kwa nini.

Ukiwa dukani usiondoke bila kujaribu. Nenda na betri mpya ya tochi mfukoni. Ikiwa ya alkali, kipimo kisome 1.5 au zaidi kidogo. Kisha weka kwenye omu, gusanisha ncha mbili, kisome chini ya omu moja. Shikilia hivyo huku ukikunja waya karibu na kichwa chake. Namba zikirukaruka, waya umekatika ndani. Jambo hilo ni la kawaida kwenye vile vya bei rahisi, na mtu anaweza kuzunguka wiki nzima akidhani redio ndiyo mbovu. Jambo jingine la kile cha manjano: betri yake ikichoka, namba zinapanda juu kuliko ukweli. Betri ya gari iliyokufa inaonekana nzima. Ukiona alama ya betri kwenye kioo, badilisha kwanza ndipo upime.

Sasa chuma cha kulehemu, au sodaring kama tunavyosema mitaani. Kile cha kawaida cha wati 30 kisicho na udhibiti kinafanya kazi, lakini hupoa kwenye waya mnene na huunguza bodi ndogo. Ukiongeza pesa kidogo unapata cha wati 60 chenye kitufe cha kuchagua joto kwenye mpini. Hicho ndicho ninachowashauri wanaoanza. Jambo muhimu ni ncha: uliza kabla ya kununua kama ncha za akiba zinapatikana hapo hapo. Ncha za mtindo wa Hakko 900M ziko madukani kote, kwa hivyo chuma kinachozitumia hakitakulaza njaa. Na tafadhali vijana, msizisugue kwa tupa wala msasa. Ncha za siku hizi ni shaba iliyovikwa chuma. Ukiondoa hilo vazi, lehemu inaila shaba kwa siku chache. Futa kwenye sponji yenye unyevu, ipake lehemu, ndipo uzime. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, ncha iliyoachwa kavu hushika kutu haraka.

Lehemu yenyewe nunua ya 60/40 au 63/37, unene wa milimita 0.8, yenye dawa ndani yake. Ile ya 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Zile zisizo na risasi huyeyuka karibu na 217 na ni ngumu kidogo kwa mkono mchanga. Usitumie dawa ya mafundi wa mabomba, ina asidi na itakula bodi.

Hapo kuna la kusema kwa wazazi. Zile asilimia 40 au 37 ni risasi halisi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Moshi unaouona ni wa dawa, nao unawasha kifua, kwa hivyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe huingia mwilini kwa vidole na chakula. Meza ya elektroniki isiwe meza ya kulia. Vipande vilivyoanguka vifagiliwe na kuzolewa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika mkate. Nikiona meza ya mwanafunzi ina kikombe cha chai, tunaanza hapo kabla ya somo lolote.

Vifaa vya mkono sitavichambua. Bisibisi nne au tano nzuri pamoja na zile ndogo za simu, koleo la kukatia, koleo la ncha ndefu, kibano, na pampu ya kunyonyea lehemu. Koleo la kukatia nyaya za shaba lisikate msumari wala waya wa ua. Limeharibika mara hiyo hiyo.

Kitu cha nne ni chanzo cha umeme, na hapa watu hupoteza pesa bure. Mashine ya mezani ya volti 0 hadi 30 na ampea 5 ni nzuri, faida yake kubwa ikiwa ile nobu ya kuwekea kikomo cha ampea. Unaweka ampea 0.1, unawasha, na kama umeunganisha vibaya hakuna kinachoungua. Wengine hutoa usambazaji wa kompyuta ya zamani. Unatoa volti 3.3, 5 na 12, na ni wa bei rahisi, ila kwenye volti 5 unaweza kumwaga ampea ishirini na zaidi. Waya mwembamba utawaka mwekundu kabla mashine haijagundua kosa. Ukiutumia, weka fyuzi ndogo kwenye kila waya unaotoka.

Kwa anayetengeneza vitu vya stima kuna kifaa cha mafundi wetu wa zamani ambacho hakina mfano: taa ya mfululizo. Ni balbu ya uzi, wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye njia ya waya wenye moto kabla ya kufika kwenye kifaa unachojaribu. Kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinacholipuka, kwa maana balbu ya wati 100 haiwezi kupitisha zaidi ya karibu nusu ampea. Kikiwa kizima, balbu humulika mara moja kisha hufifia. Balbu ya LED haifanyi kazi hii. Na ieleweke, taa hiyo hulinda kifaa, hailindi mkono wako. Kwa mkono wako funga soketi yenye kifaa cha kukata stima inapovuja, kile cha miliampea 30.

Hata ukichomoa plagi bado kuna hatari. Ndani ya chaja kubwa na runinga kuna kapasita nene inayojazwa hadi takriban volti 340, na inaweza kuzishika baada ya kuchomolewa. Nunua rezista ya omu 2,200 ya wati 5, ifunge kwenye nyaya zenye vishikio vya plastiki, iguse kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha hakikisha kwa kipimo. Usitumie bisibisi. Na jiko la maikrowevu msilifungue kabisa. Kapasita yake hubeba volti elfu kadhaa na imeua watu.

Kijana mmoja ameniandikia kwenye karatasi hapa, anauliza kuhusu osiloskopu. Naijua hamu hiyo. Ubaya ni kwamba wengi huinunua kabla hawajawa na swali ambalo kipimo cha kawaida kimeshindwa kulijibu. Kile kidogo cha kujiunganishia, DSO138, huona hadi kilohezi 200 hivi. Kinafaa kwa sauti za redio na spika na kujifunzia, basi. Ukipata kubwa iliyotumika, kumbuka kwamba kile kishikio cheusi cha waya wake kimeungwa na waya wa ardhini wa nyumba. Ukikibana kwenye upande wa stima wa chaja, umefanya shoti. Ningeanza na kipima vipuri, kile kidogo chenye kioo kinachokutajia kama ulichoweka ni transista, rezista au kapasita. Chanzo chake ni kazi ya Wajerumani wawili, Markus Frejek na Karl-Heinz Kübbeler, waliouweka mchoro wao wazi kwa kila mtu, ndiyo maana ni rahisi. Ondoa umeme wa kapasita kabla ya kuiweka humo, la sivyo umekiua.

Mahali pa kununua: Luthuli Avenue kule Nairobi kuna karibu kila kitu, na maduka ya miji yetu yanaagiza kutoka huko. Tafuta alama ya KEBS kwenye vitu vya kuchomeka ukutani, na dai risiti. Vya mtumba si vibaya kwa bisibisi na koleo. Kwa nyaya za kupimia, nunua mpya.

Mama mmoja aliuliza mlangoni, mtoto wake ana miaka 11, aanze na nini? Aanze na betri, balbu ndogo za LED, rezista na hicho kipimo cha manjano. Mwaka mzima asiguse kitu cha ukutani. Na kwa wakubwa: meza hii haikupi ruhusa ya kufunga nyaya za nyumba ya jirani. Kazi hiyo ni ya mwenye leseni ya EPRA.

Maswali mengine tuyafanyie pale mezani. Vifaa vyote nilivyotaja viko pale, vishikeni, mvizungushe, mvisome maandishi. Ila kile chuma chenye taa nyekundu bado kina moto.