Waliounda Mabodi ya Magari: Mafunzo kwa Vyama vya Msingi

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Idete)



Basi linapoondoka Ifakara likielekea Idete, limejaa abiria na magunia, watu hulitaja kwa jina la kampuni iliyotengeneza injini yake. Lakini gari la namna hiyo mara nyingi huwa limepita katika mikono ya watu wa aina mbili. Chasi, yaani kiunzi chenye injini na magurudumu, huagizwa kutoka ng'ambo. Bodi, yaani mbavu, paa, viti na madirisha, huundwa na mafundi wa karakana zetu za Afrika Mashariki. Huko Zanzibar mafundi seremala wamejenga kwa miaka mingi mabodi ya mbao juu ya malori madogo, na abiria wakasafiri humo mjini na mashamba.

Kazi hiyo ya kuunda bodi juu ya chasi ya mwingine ina historia yake, na ndani ya historia hiyo imo karakana moja ambayo habari zake zinawafaa sana wanaushirika. Karakana hiyo ilikuwa katika mji mdogo wa Greenfield, jimbo la Ohio, nchini Marekani.

Mwasisi wake aliitwa Charles Richard Patterson. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1833. Alipofika Greenfield alijifunza uhunzi, kisha akafanya kazi kwa watu waliounda magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1873 alishirikiana na Mzungu mmoja, J.P. Lowe, wakaendesha karakana yao wenyewe. Mwaka 1893 Patterson alinunua sehemu ya mwenzake, na karakana ikaitwa C.R. Patterson na Wanawe. Hivyo mtu aliyezaliwa akihesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine akawa mwenye mali na mwajiri wa mafundi.

Mwanawe Frederick alisoma katika Chuo Kikuu cha jimbo la Ohio, akawa mwalimu huko Louisville, kisha akaacha ualimu na kurudi kuisaidia familia. Mzee Patterson alifariki mwaka 1910. Wakati huo magari ya injini yalikuwa yakizidi kuonekana barabarani, na Frederick akatambua kwamba siku za gari la farasi zinahesabika. Hakukimbilia kuunda gari mara moja. Karakana ilianza kwa kutengeneza magari ya injini yaliyoharibika, na kwa njia hiyo mafundi wake wakaizoea kazi mpya huku ile ya zamani ikiendelea kuwalisha.

Mwezi Septemba 1915 gari lao la kwanza lilitoka. Liliitwa Patterson-Greenfield. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 850, nalo lilisifiwa kwa uimara wa kazi. Lakini Henry Ford alikwisha anzisha mwaka 1913 utaratibu wa kuunganisha magari kwa mstari unaotembea, na gari lake la kawaida likauzwa kwa chini ya dola 500. Karakana ya mji mdogo, yenye mafundi wachache na mtaji mdogo, haikuweza kushindana na bei hiyo. Inakadiriwa kwamba magari yaliyoundwa yalikuwa kati ya 30 na 150 tu, na kazi hiyo ikakoma mwaka 1918. Hakuna hata moja linalojulikana kubaki hadi leo.

Hapo wengine wangefunga milango. Akina Patterson walijiuliza ni jambo gani wanaloliweza vizuri kuliko wengine, na jibu likawa ni bodi. Katika miaka ya 1920 waliunda mabodi ya mabasi na malori, hasa mabasi ya kuchukulia watoto wa shule, juu ya chasi za viwanda vikubwa. Kiwanda cha Ford kilichowashinda kwa bei sasa kikawa miongoni mwa viwanda vilivyowapatia chasi za kujengea.

Hata hivyo njia hiyo nayo ilikuwa na hatari yake. Mtego wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipunguza wanunuzi. Frederick alifariki mwaka 1932. Viwanda vikubwa navyo vikaanza kuunda mabasi mazima kwa chuma. Mwaka 1939 kazi ya ukoo huo ilifikia mwisho. Mwaka 2021 baba na mwana waliingizwa katika Jumba la Heshima la Magari la Marekani, miaka mingi baada ya karakana kufungwa.

Ndugu wanachama, mkulima wa Bonde la Kilombero anayeuza mpunga shambani anampa mwingine faida ya kuukoboa, kuupanga kwa madaraja na kuufunga. Ndiyo maana vyama vingi huwaza kununua mashine ya kukoboa. Wazo hilo ni jema, lakini mashine ni kama chasi: imetengenezwa na mwingine, na vipuri vyake viko mikononi mwa mwingine. Kabla ya mkutano mkuu kupitisha ununuzi, inafaa katibu aweke mezani maswali manne. Vipuri vitapatikana wapi na kwa bei gani? Fundi wa pili ni nani, iwapo wa kwanza ataondoka au kufariki? Fungu la akiba linatosha kuendesha kazi msimu ambao mvua zimeharibu mavuno? Na je, bei ya chama itaweza kusimama mbele ya mwenye mashine kubwa zaidi, au chama kitafute kazi ambayo huyo mkubwa haifanyi vizuri?

Patterson na wanawe walikuwa na ustadi, bidii na sifa njema. Walichokosa ni wenzao wa kuchangia mtaji na kubeba hasara pamoja nao. Chama cha msingi kina wanachama wenye hisa, nao wana haki ya kusomewa hesabu na kuuliza. Maswali hayo manne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na majibu yake yaandikwe pia, ili msimu ujao kila mwanachama aweze kuyapima.