Somo la Leo: Kuandaa Diski ya Kompyuta

Leo tunaandaa sehemu mpya ya diski katika Linux. Kwanza andikeni lsblk, mwone majina na ukubwa wa kila sehemu. Tuseme yetu ni sdb1. Someni herufi kwa herufi: sdb1 si sda1. Mkikosea herufi moja tu, picha na barua za miaka mingi zaweza kupotea. Mkiisha kuhakikisha, andikeni:

sudo mkfs.ext4 /dev/sdb1

Sasa sehemu imepangwa, lakini haina mlango. Ufungueni:

sudo mkdir /mnt/akiba
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/akiba

Mkimaliza kazi, msichomoe diski kwanza. Andikeni:

sudo umount /mnt/akiba

Angalieni, umount haina herufi n baada ya u ya kwanza. Kwaherini.