Bima ya Afya Imfikie na Mkulima



Ugonjwa haungoji mavuno. Tangu mwaka 2001, mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa kukatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri humwongezea asilimia 3. Mkulima hana mwajiri wa kumwongezea. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza 2018, uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Baada ya kuuza mazao, fedha hiyo hupatikana. Ghala likiwa tupu, ni mzigo.

Tofauti nyingine ni umbali. Mkazi wa kijiji cha mbali hulipa nauli ya bodaboda kabla hajaonyesha kadi. Akiikuta zahanati haina dawa, hununua dukani kwa fedha taslimu. Huyo asipohuisha kadi yake, tusimwite mkaidi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wagharamiwe. Basi nawaomba: wenye mavuno, tengeni mchango siku ile ile ya kuuza. Wenyeviti wa vijiji, orodha ya kaya zisizo na uwezo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, asiachwe mjane, wala asiingizwe mtu kwa undugu. Nasi wa halmashauri mtudai dawa, kwa maana kadi isiyopata dawa ni karatasi tu.