BAISKELI YA MWANACHAMA NA MATENGENEZO YAKE

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za bei na mapato, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi twaomba ruhusa ya kunena juu ya chombo ambacho hakikutajwa hata mara moja tangu asubuhi, ingawa wengi wenu mmekiegemeza nje ya ukuta huu, nacho ni baiskeli.

Mkulima aletaye lita 40 za maziwa kituoni amepakia kilo zipatazo 41 juu ya gurudumu la nyuma, mbali na uzito wa madumu na wa mwili wake. Mnyororo ukikatika njiani, jua halimngoji. Maziwa huchachuka, na karani wa kupokea hana budi kuyakataa. Hasara hiyo haionekani katika hesabu zetu za mwaka, lakini nyumbani huonekana. Ni kweli kwamba siku hizi pikipiki zimeenea kila njia, ila pikipiki hudai petroli kila siku.

Basi tuanze na mnyororo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Pini zake hupangwa nusu inchi kwa nusu inchi. Kwa hiyo mtu akipima kwa rula kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne baada yake, atapata inchi 12 kamili. Urefu huo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yafaa anunue mnyororo mpya. Akingoja hata uzidi kwa sehemu moja ya nane, meno ya gia nayo yatakuwa yameliwa, naye atalazimika kununua vyote. Wengi hudhani chuma kimevutika. Sivyo, ni pini na matundu yake vilivyosagwa na vumbi. Dawa yake ni kuuosha kwa mafuta ya taa, kuukausha, kutia tone moja la oili katika kila kiungo, kisha kupangusa nje, kwani oili iliyobaki nje hukusanya mchanga. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, maana hugeuka kama gundi.

Spoku moja ikikatika, ibadilishwe siku ile ile, kwa sababu jirani zake huubeba mzigo wake nazo hufuata. Na pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha upande ambao mishale ya saa huzunguka. Vijana wetu wenye nguvu wameharibu vyuma vingi kwa kutojua hayo.

Katika kununua, sisi twaona kuwa kifaa kisichofunguka ni ghali hata kikiuzwa nusu bei. Pedeli iliyo na gololi za kubadilishwa hutengenezwa mara nyingi. Iliyofungwa moja kwa moja hutupwa. Mpira wa ndani uliochoka hufungia mizigo, na tairi kuukuu huwa makatambuga.

Kwa ajili hiyo tumeiandikia Kamati, tukiomba duka la Chama liweke minyororo, spoku na gololi za saizi zitumikazo hapa. Twawasihi wajumbe ombi hilo lisisogezwe tena chini ya habari za mbolea hata muda ukaisha. Wakati tungojapo, spana na ufunguo wa spoku vimo ofisini; mwanachama ataviazima kwa kutia sahihi daftarini, na kuvirudisha kabla ya maziwa ya asubuhi.