Jedwali la Elementi na Moshi wa Zebaki

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vitu ambavyo dunia yote imefanyizwa navyo. Vitu hivyo huitwa elementi. Wengi wetu tukilisikia neno hili hudhani ni habari ya watoto wa shule, isiyompasa mtu mzima mwenye shamba na mifugo. Sivyo. Habari hii yahusu jembe letu na ng'ombe wetu, na katika machimbo ya Tarime yahusu hata pumzi tunayovuta.

Kwanza tujue elementi ni nini. Tuitazame chumvi ya kupikia. Wenye elimu huweza kuitenga ikawa vitu viwili, sodiamu na klorini. Lakini sodiamu yenyewe haitengeki tena, ijapokuwa tutaitwanga, tutaichoma, au tutaitia katika maji makali. Hiyo ndiyo elementi. Chuma cha jembe ni elementi, na shaba ya waya, na alumini ya sufuria, na dhahabu. Mkaa wa jikoni karibu wote ni elementi moja, kaboni. Hata leo zimejulikana elementi 118, na baadhi yake hazionekani ardhini, ila zimetengenezwa na wataalamu.

Mtu aliyezipanga vizuri alikuwa Mrusi, jina lake Dmitri Mendeleev, mwaka 1869. Wakati ule zilijulikana elementi 63 tu. Alizipanga kwa uzito wao, akaziweka pamoja zile zenye tabia moja, kama ndugu wa ukoo mmoja. Walakini aliona nafasi tupu. Mchungaji wa Kikurya au wa Kingoreme, ng'ombe wakirudi zizini jioni, hutambua mara moja kwamba mmoja hayupo, naye aweza kukuambia rangi yake na pembe zake. Mendeleev alifanya vivyo hivyo. Alisema, hapa pana elementi isiyoonekana bado, na uzito wake utakuwa kadha wa kadha. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja akaiona elementi ya namna hiyo, ikaitwa galiamu. Basi watu wakasadiki kwamba jedwali lile lasema kweli.

Siku hizi kila elementi ina namba yake. Namba hiyo ni hesabu ya chembe ndogo ziitwazo protoni, zilizomo katikati ya kila atomu yake. Moto wa kuni au wa mkaa hauwezi kuibadili namba hiyo. Kwa hiyo elementi huhama kutoka mahali hata mahali, hujiunga na nyingine na kuachana nazo, lakini haiteketei.

Mfano mzuri tunao katika nyika za Serengeti. Tangu zamani milima ya moto ya upande wa Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai pamoja nayo, imemwaga majivu yake juu ya nyika za kusini mashariki. Majivu hayo yana kalsiamu na fosforasi. Nyasi huzinyonya, nyumbu wakala nyasi hizo, nao huzaa huko kila mwaka wakati wa mvua. Kalsiamu ya majivu huwa maziwa, maziwa huwa mifupa ya ndama, na ndama akifa mifupa hurudi udongoni. Kalsiamu imesafiri safari hiyo yote, nayo ingali kalsiamu.

Sasa twende Tarime, katika machimbo ya dhahabu. Dhahabu ni namba 79 katika jedwali, na jirani yake, namba 80, ni zebaki. Zebaki ni metali, lakini hutiririka kama maji, nayo huikumbatia dhahabu. Kwa sababu hiyo wachimbaji wadogo, wakiisha kusaga mawe na kuosha mchanga, hutia zebaki ikusanye chembe za dhahabu. Hukamua kwa kitambaa, kisha donge lile huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwa joto la digrii 357, bali dhahabu haiyeyuki mpaka digrii 1,064. Moshi hupanda, dhahabu hubaki, na watu husema zebaki imekwisha.

Haikwisha. Namba 80 ingali namba 80. Sehemu yake huingia mapafuni mwa yule achomaye na mwa watoto walio karibu. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Baada ya muda mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na akili husahau. Na mtoto aliye tumboni hudhurika. Sehemu nyingine huanguka udongoni na mitoni. Mto Tigithe huingia mto Mara, nao Mara huingia ziwa Viktoria. Na ndani ya tope zebaki hugeuzwa sumu kali zaidi iingiayo katika samaki. Watu wa Minamata, Japani, waliugua na kufa kwa kula samaki wa namna hiyo, na ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wenye jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia.

Basi yatupasa kufanya nini? Tusichome zebaki ndani ya nyumba, wala katika chombo cha kupikia. Wajawazito na watoto wakae mbali. Anayechoma atumie chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea, ili zebaki irudi kuwa maji na kutumika tena. Tena heri kupunguza zebaki kwa kuosha mchanga vizuri, kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mawe ya kawaida hayafiki hata mara 3.

Nanyi mnaofundisha watu wazima kusoma, lichoreni jedwali hili ukutani, mwanze na namba 79 na 80. Mwanafunzi aliyeshika dhahabu kwa mkono wake ataelewa upesi. Na msomaji wa kijitabu hiki amsomee jirani asiyejua kusoma, hasa ikiwa jirani huyo huchoma dhahabu.